Kadi ya Nyumba Namba 214

Orest Hawryluk alikaa bungeni Ottawa miaka kumi na tano, kisha akatolewa kwa kura tisa. Tisa, msicheke. Jaji alizihesabu upya mbele ya mawakili wa pande zote, zikatoka tisa zilezile kama zimepigiliwa misumari. Na kwa kuwa kwenye pengo la kura tisa wakigeuka watu watano tu unashinda kwa moja, Orest alirudi kwetu Dunmarrow, akaketi kwenye kiti chake cha kuegemea, akaanza kuwatafuta hao watano.

Mwaka wa sita sasa. Orodha yenyewe ilikamilika mapema: Alphonse Beaulac kinyozi, Gordie kaka wa mkewe, mchungaji wa Kilutheri, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, na mama wa kituo cha mafuta, ambaye kosa lake ni kwamba siku ile alikuwa anapiga mluzi. Ushahidi hakuwa nao. Alikuwa na macho. Kwa ajili ya orodha hiyo mzee hunyolewa Yorkton, kilomita sabini kwenda na sabini kurudi, ili asimpe Alphonse dola ishirini zake. Mafuta anajaza hukohuko. Ukipiga hesabu, kichwa chake ndicho kinachonyolewa kwa bei kubwa kuliko vyote Saskatchewan, na nywele zenyewe zimebaki pembeni tu.

Jumatano moja ya Novemba mkewe, Verna, akamtuma chumba cha chini. Bi Doreen wa makumbusho ya mji alikuwa ameomba makaratasi ya ubunge ayaweke kwenye kabati la kioo. Angekuja kuyachukua Jumamosi saa nne asubuhi.

"Usilete yote," Verna alimwambia kutoka juu ya ngazi. "Doreen ana kabati moja, na nusu yake imekaliwa na bundi aliyekaushwa."

"Nimetumikia miaka kumi na tano, Verna."

"Bundi ana arobaini pale."

Orest akaenda kwenye maboksi. Aliweka kando picha akipeana mikono na mawaziri wakuu wawili, ambao wote wawili walikuwa wanatazama pengine. Aliweka kando hotuba yake ya ngano. Kisha akavuta boksi lililoandikwa KALENDA, maana kila Krismasi mbunge wetu alikuwa akitutumia kalenda yenye uso wake, na nyumba nyingi zilikuwa zikiitundika chooni, kwa heshima zote. Akalifungua. Ndani hamkuwa na kalenda hata moja. Mlikuwa na kadi.

Alizitambua mara moja. Baada ya kushindwa, Lyle Penner, aliyekuwa meneja wake wa kampeni, aliapa kwamba kadi zote amezichoma kwenye pipa nyuma ya ghala, maana si vitu vya kuachwa vikizagaa. Kumbe Lyle alichanganya maboksi. Alichokichoma siku ile ni nyuso mia nne za bosi wake.

Wale wanaopita nyumba kwa nyumba wakati wa kampeni wana namba zao. Wanagonga, wanatabasamu, wanauliza kama Orest anaweza kuitegemea nyumba hii, wanashukuru, na wakifika barabarani wanaandika. Moja: wetu huyu, hata akiwa na homa. Mbili: anaelekea kwetu. Tatu: hajaamua, pita tena. Nne: wa wale wengine. Tano: usirudi, kuna mbwa. Mji mzima wa Dunmarrow ulikuwa ndani ya boksi lile, kila mtu na namba yake, na wengine na maneno kidogo pembeni: "anaongea sana, usikae", "ndiyo ya uongo", "ametupa keki."

Orest alitafuta watu wake watano, na mkono ukapita juu ya kadi ambayo haikupaswa kuwepo. Nani humgongea mgombea mlango wake mwenyewe? Lakini ilikuwepo, kwa wino wa kijani na mwandiko wa mviringo kama wa binti wa shule.

Namba 214, Barabara ya Tatu. Hawryluk, Orest: 1. Hawryluk, Verna: 4.

Juu ya ngazi Verna aliita, "Umeona bundi mwingine huko?"

"Bado natafuta," akajibu, akaitia kadi mfukoni mwa sweta.

* * *

Chakula cha jioni kilikuwa perogi, vitumbua vya unga vilivyojazwa viazi na jibini, zimekaangiwa vitunguu, na maziwa ya mgando pembeni. Orest anazipenda kuliko alivyoipenda serikali. Siku hiyo alikula tatu akaacha.

"Zina nini?" Verna aliuliza.

"Hazina kitu."

"Basi kula."

Alimtazama mkewe akikata vitunguu vya sahani yake. Miaka arobaini na moja ya ndoa. Akakumbuka habari ya reli. Mwaka wa kumi na tatu wa ubunge wake ulikuja muswada wa kuruhusu njia ndogo za treni za nafaka zing'olewe, na yetu ilikuwamo. Mnadhimu wa chama alimwita ofisini, akamfungia mlango, akamwuliza kama anapenda kamati yake ya kilimo. Bunge lile hupiga kura kwa kusimama, mmoja mmoja, jina likitajwa. Orest akasimama. Verna alikuwa anatazama kwenye televisheni, hapahapa jikoni. Leo Gordie anapeleka ngano yake kwa lori kilomita tisini. Orest aliporudi wikiendi ile, Verna hakumsemesha siku nne. Siku ya tano alisema, "Supu iko jikoni."

Mzee alikuwa amehesabu kwamba supu ile ndiyo msamaha. Sasa hakuwa na hakika. Kama mkewe alimpigia kura yule mwingine, basi ameketi meza moja na mtu wa orodha yake miaka sita, akimwomba ampitishie chumvi.

"Hivi," alisema, sauti nyepesi kama anayeuliza hali ya hewa, "siku ile ya uchaguzi wa mwisho ulikwenda kupiga saa ngapi?"

Verna aliacha uma. "Juzi nilikuuliza miwani yangu iko wapi, ulikuwa umeivaa. Leo unataka saa?"

"Nauliza tu."

"Hujawahi kuuliza tu. Hata ulipokuja kunichumbia ulileta mtu wa kuandika majibu."

"Huyo alikuwa kaka yangu!"

"Alikuwa na kalamu."

Orest akacheka kidogo, lakini aligundua jambo moja: swali halikujibiwa. Alifundisha vijana wa kampeni miaka mingi. Mtu akikujibu kwa utani mlangoni, andika tatu, au nne.

* * *

Asubuhi yake alimfuata Lyle Penner kwenye uwanja wa barafu, pale wazee wanapocheza mchezo wa kusukuma mawe juu ya barafu na kulaumiana. Lyle alikuwa kwenye meza ya kahawa, andazi la doinati mkononi. Orest alimwekea kadi mbele bila salamu.

Lyle aliisoma. Doinati ikarudi kwenye sahani. "Hizi nilizichoma."

"Ulichoma kalenda."

"Ndiyo maana moshi ulikuwa ule..."

"Lyle."

"Bosi, ni binti wa kutoka mji wa Regina. Wa kujitolea. Tulimpa Barabara ya Tatu yote, hakuna aliyekumbuka kumwambia aruke namba 214. Hakujua ni nyumba ya nani. Alikwenda akagonga."

"Na mke wangu akasema nini?"

"Sikuwepo mlangoni."

"Lakini kadi uliiona."

Lyle alifuta sukari mdomoni kwa muda mrefu kuliko sukari yenyewe. "Niliiona wiki mbili kabla ya kura."

"Ukanyamaza."

"Ungetaka nikwambie nini? 'Habari za asubuhi bosi, tunaongoza kwa wakulima, tumeshindwa jikoni kwako'? Tulidhani mmegombana. Ofisi yote ilidhani hivyo. Ile reli..." Akashusha sauti. "Na ukishaandikwa nne unabaki nne. Hatupigi simu, hatupeleki kadi ya kukumbusha, hatutoi gari."

"Gari lipi?"

Lyle akatazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu ila barafu. "Siku ya kura ilianguka theluji, unakumbuka. Wewe ulikuwa na gari lenu, unazunguka jimboni. Verna alipiga simu ofisini akiomba usafiri. Magari yetu ni ya moja na mbili, Orest. Ndiyo sheria uliyotutungia wewe. Ni hotuba yako: 'Usimbebe adui hadi kwenye boksi la kura.'"

Mzee alikaa. Kiti kilikuwa cha baridi.

"Alifikaje, basi?"

"Watu walimwona akishuka kwenye pikapu la wale wengine," Lyle alisema. "La Alphonse."

Meza ya pili, wazee wawili waliokuwa wameacha kuongea tangu dakika kumi zilizopita wakaanza kuongea ghafla, kwa sauti kubwa, kuhusu bei ya dizeli. Orest alielewa. Walijua. Miaka sita mji ulikuwa unajua, na yeye ndiye aliyekuwa anawanyima salamu wao.

* * *

Kengele ya mlango wa kinyozi ililia, na Alphonse Beaulac, mkasi mkononi, alimtazama aliyeingia kama mtu anayeona paka wake aliyepotea.

"Yorkton wamefunga?"

"Punguza pembeni," Orest alisema, akaketi.

Alphonse alimfunga kitambaa shingoni. Alimzunguka, akanyanyua shungi moja, akaliachia. "Nani alikufanyia hivi?"

"Fanya kazi yako."

"Naifanya. Daktari kwanza huuliza."

Mkasi ulianza. Nje mvua ya theluji ilikuwa ikipita bila haraka. Orest alimtazama kinyozi kwenye kioo, maana kwenye kioo ni rahisi kumwuliza mtu jambo.

"Siku ya uchaguzi ulimbeba mke wangu."

"Nilimbeba." Alphonse hakusimamisha mkasi. "Alikuwa amesimama nje ya ofisi yako, theluji imefika kwenye vifundo. Magari yenu matatu yameegeshwa pale, na Lyle ndani ya moja anakula. Nikasimama. Nikamwambia, mama, mimi nimebandika karatasi za mpinzani ubavuni, utaona aibu. Akasema aibu ameshaiona, anataka kiti."

"Mlizungumza nini?"

"Tulizungumza joto. Kipasha joto changu kibovu."

"Alikwambia anampigia nani?"

Mkasi ukanyamaza. "Orest, mimi ni dereva. Sikuingia naye nyuma ya kadibodi ya kupigia kura." Kisha akasema, taratibu, "Lakini alikuwa amevaa beji yako kwenye koti. Ile ya uso. Ndani ya pikapu langu! Nikamwomba aivue, watu wangu wananicheka barabarani. Akasema nikitaka nimshushe, atatembea. Ilibidi aivue mlangoni mwa kituo cha kura, sheria hairuhusu kuingia na beji. Akanipa niishike. Nimekaa dakika ishirini na uso wako mfukoni, na ulikuwa unanichoma na pini."

Mtu mwingine hapo angepumua. Lakini Orest alitumia miaka kumi na tano kwenye siasa, na kichwa chake kilikuwa kimeshikilia neno moja tu: aliivua. Kwa hiyo alifika kwenye boksi bila beji.

"Na wewe?" aliuliza. "Ulinipigia?"

Alphonse alicheka hadi ikabidi aweke mkasi mezani. "Mimi? Nilikwambia mlangoni kwangu, wewe mwenyewe umesimama na tai. Nikasema, Orest, ulisimama ukang'oa reli yetu, sikupigii. Ukanishika mkono ukasema 'nashukuru kwa ukweli wako.' Kisha ukahamia Yorkton."

"Nilidhani unatania."

"Ndiyo ubaya wako. Anayekwambia hapana, anatania. Anayekwambia ndiyo, anadanganya. Sasa tukuambieje sisi?" Akapuliza nywele shingoni pake. "Dola ishirini na mbili. Imepanda. Umekuwa mbali."

* * *

Jumamosi saa tatu na nusu Verna alikuwa jikoni, unga hadi kwenye viwiko. Siku mbili mumewe alikuwa amezunguka nyumba na kofia kichwani. Boksi la Doreen lilikuwa tayari karibu na mlango: picha, hotuba ya ngano, ufunguo wa heshima wa plastiki wa mji fulani ambao ulishaunganishwa na mji mwingine.

"Vua kofia," alisema bila kugeuka.

"Baridi."

"Vua, Orest. Alphonse alimwambia Gordie, Gordie akaniambia mimi. Kakunyoa vizuri?"

Akaivua. Verna akageuka, akatazama, akakubali kwa kichwa. "Sasa toa hicho kilichoko mfukoni. Toka Jumatano unakishikashika kama mwizi wa mayai."

Mzee akaweka kadi mezani, katikati ya unga. Verna akaisoma, midomo ikicheza na namba. Kisha akafanya jambo ambalo Orest hakulitarajia. Alicheka.

"Yule mtoto wa watu! Alikuja na kofia ya sufu, pua nyekundu, akaniuliza kama Orest Hawryluk anaweza kuitegemea kura yangu. Nikamwambia, 'Huyo? Huyo hajui hata kapu la soksi liko wapi. Simpigii mpaka aone kapu.' Nikampa na keki. Nilidhani anajua nyumba ni ya nani." Kicheko kikaisha kama mshumaa. "Kwa hiyo ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Ndiyo maana binti wa simu alitafuta jina langu, akanyamaza, akaniambia kwa adabu, 'Samahani mama, magari yetu yote yana kazi.' Nikavaa viatu nikaenda mwenyewe mpaka ofisini. Magari yamesimama. Lyle akaniona. Akageuza uso, Orest. Mimi niliyempikia miaka kumi na tano, akageuza uso na doinati yake."

"Mbona hukuniambia?"

"Usiku ule ulirudi umeshindwa kwa kura tisa. Nikwambie watu wako wameniacha kwenye theluji? Ungemfukuza Lyle, na Lyle ndiye pekee aliyeendelea kuja kukuona." Alipangusa mikono kwenye aproni, haikupanguka. "Nilingoja uniulize. Uliuliza mji mzima. Umemsusia kaka yangu kwa sababu alikohoa ulipokuwa unahutubia. Mimi hukuwahi kuniuliza."

"Basi nauliza," Orest alisema. Sauti ilitoka ndogo. "Ulinipigia?"

"Kwa ile reli ningekuchapa na mwiko. Nilisimama pale na penseli, nikaifikiria reli yote, taruma kwa taruma. Kisha nikakupigia. Wewe. Jina la tatu kwenye karatasi."

Sufuria ilitetemeka jikoni. Orest alilisikia jibu. Alikuwa amelisikia vilevile kwenye milango elfu, kwa sauti ileile ya upole, kutoka kwa watu waliotaka ashuke barazani waendelee na chakula chao. Akafanya alichofanya siku zote. Akatazama mikono.

"Unanitazama kama mpiga kura," Verna alisema.

"Sivyo."

"Unatazama mikono. Umenifundisha mwenyewe: mdomo hudanganya, tazama mikono. Haya, ndiyo hii. Ina unga."

Mzee alichukua penseli iliyofungwa kwa uzi kwenye friji. Akaigeuza, akafuta ile nne kwa raba yake, taratibu, mpaka karatasi ikawa na manyoya. Verna alisimama anangoja. Alikuwa amesogea karibu, hata harufu ya vitunguu ilimfikia, na uso wake ulikuwa umeanza kulegea, uso ule wa zamani ambao hakuna kalenda iliyowahi kuuchapa. Orest akaweka ncha ya penseli kwenye karatasi. Akasita. Akaandika 2.

Verna aliitazama namba ile.

"Mbili," alisema.

"Mbili ni nzuri," Orest akasema haraka. "Mbili huwa tunawapelekea gari."

 Verna alimtoa penseli mkononi kwa vidole viwili vya unga, akaigeuza, akapanda kwenye mstari wa juu, kwenye jina la mumewe, akafuta moja yake. Alifuta vizuri, bila hasira, kama mtu anayesafisha meza. Akaandika 3.

"Hiyo ni ya nini?" Orest aliuliza, kana kwamba si yeye aliyezitunga.

Kengele ya mlango ikalia. Doreen huyo, na mapema dakika kumi kama kawaida yake. Verna akaitia kadi ndani ya boksi, juu kabisa, juu ya mawaziri wakuu wawili, akalibeba kifuani mwenyewe.

"Hajaamua," alisema akielekea mlangoni. "Wa namna hii hatubishani naye. Tutapita tena."